Msaada: linki za michoro kwenye mwongozo wa XML zinagoma nje ya kompyuta yangu

Fundi_Ujiji:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wazoefu wa XML.

Naandaa mwongozo wa matengenezo ya pampu za sola kwa ajili ya mafundi wa vijiji vya mwambao wa Tanganyika. Natumia DocBook 5 (muundo wa XML wa kuandikia vitabu na miongozo), natoa HTML, yaani kurasa za kufungua kwenye brauza. Kila sura ina linki za kufungua PDF za michoro ya umeme. Kwangu hapa Ujiji zinafunguka bila shida. Nikimpa flashi mtu anayepanda boti kwenda Kalya, huko anaambiwa faili halipo. Na faili limo, kwenye flashi hiyohiyo!

Mtandao kule ni wa kubahatisha, kwa hiyo msiniambie niweke kwenye seva. Mstari mmojawapo huu hapa:

`<link xlink:href="file:///C:\Users\fundi\michoro\Pampu Kubwa.pdf">Mchoro</link>`

Mzee_wa_Reli:
Flashi hiyo ina virusi, ifomati kwanza.

Binti_Mwanga:
Mzee shikamoo, lakini flashi ya watu tuiache kwanza 😄

Kaka Fundi, jibu limo kwenye mstari wako. `C:\Users\fundi` ni folda ya kompyuta yako wewe. Kompyuta ya Kalya haina mtumiaji anayeitwa fundi, na flashi ikichomekwa huko pengine inasomeka kama D: au E:. Brauza haijui kama ulikuwa unamaanisha flashi, inakwenda kupekua C: ya mwenzio na kutoka mikono mitupu. Futa kuanzia `file:///` mpaka `fundi\`, ubakize njia fupi: `michoro/pampu-kubwa.pdf`. Na utumie `/`, hiyo `\` ni ya Windows tu. Faili lenyewe nalo libadilishe jina lifanane.

Fundi_Ujiji:
Dada, nimefanya hivyo na sasa hata kwangu zimegoma. XML iko kwenye folda ya `chanzo`, michoro imo humohumo. HTML inatokea kwenye `toleo`.

Binti_Mwanga:
Basi ndiyo hapo. Zile stailishiti za DocBook (mafaili ya kanuni za kugeuza XML kuwa HTML) haziendi kuangalia kama PDF ipo, wala hazikunakilii. Zinachukua ulichoandika kwenye `href` na kukihamishia kwenye HTML kama kilivyo. Brauza nayo inaanza kuhesabu njia kutoka pale ukurasa wa HTML ulipo, yaani ndani ya `toleo`, na humo hakuna `michoro`. XML ilikuwa wapi, haina habari nayo. Kwa hiyo folda ya `michoro` iingie ndani ya `toleo`, pembeni ya kurasa. Usiinakili kwa mkono, siku moja utasahau. Iweke kwenye skripti ileile inayotengeneza HTML.

Lumba_lumba:
Naongezea. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, Linux inajali: `Pampu.pdf` na `pampu.pdf` ni mafaili mawili. Nafasi kwenye jina iandikwe `%20`, au bora usiweke nafasi kabisa. Alama ya `&` ndani ya XML lazima iwe `&amp;`, la sivyo waraka wote unakataliwa. Na atakayekuja kusoma uzi huu baadaye: kama hujaweka `xmlns:xlink="http://www.w3.org/1999/xlink"` (tamko linaloifanya `xlink:href` itambulike) kwenye elementi ya juu kabisa, hata hapa alipofika Fundi hutafika.

Kabla ya kutuma flashi, badilisha kwa muda jina la folda yako ya kazi, kisha bonyeza linki ukiwa kwenye flashi. Ikiwa kuna linki bado inategemea diski yako, itajulikana hapohapo, si Kalya.

Fundi_Ujiji:
Zimefunguka zote! Asanteni sana. Ila kwa dogo mmoja hapa anayetumia simu ya Android, ukurasa unafunguka, linki hazifunguki.

Binti_Mwanga:
Hiyo haitokani na XML yako. Ukifungua HTML kupitia programu ya mafaili, mara nyingi brauza inapewa anwani ya `content://` ya ukurasa huo mmoja tu, mafaili ya jirani haiyafikii. Kwa watu wa simu toa PDF moja, michoro iwe kiambatisho mwishoni. Ila hakikisha kwanza kama watengenezaji wa pampu wanaruhusu michoro yao ichapwe upya.