Naambiwa "kaa, chai inapoa" mbele ya madaktari wenzangu! Hiki chama ni cha nani?

Wakuu, nimeshuka Kosta sasa hivi hapa Moshi, mikono bado inatetemeka. Yule mheshimiwa wetu wa chama cha madaktari, mnamjua, mwenye kitambi kinachoingia ukumbini kabla yake, leo kaniaibisha mkutanoni Arusha.

Nilinyanyuka kistaarabu nikauliza: posho za maintani, hawa madaktari walio mafunzoni, zinachelewa, watoto wanashika zamu na njaa, chama kinawasemea wapi? Jamaa hata hakuniangalia. Alikuwa anapasua sambusa, anakula nyama, ganda anaacha. Akavuta kipaza sauti: "Daktari, kaa, chai inapoa." Ukumbi mzima kicheko. Mpaka mama wa chupa za chai alicheka!

Chai inapoa! Nimesoma mpaka kipara, ada nalipa mwenyewe, naambiwa chai inapoa! Na chai yenyewe ilikuwa imepoa tangu enzi za Mjerumani.

Mpare_Mbishi: Swali moja tu mkuu. Uliinywa?

Dokta_Kijiko: Usajili, leseni na adhabu ni vya Baraza la Madaktari Tanganyika. Chama ni cha hiari, kazi yake kututetea na kutunoa. Ila wengi mkutanoni mnafuata pointi za kuhuisha leseni na begi la bure, mzee amwogope nani?

Mleta uzi: Nitetewe na mchambua sambusa? CHAI INAPOA jamani!!

Babu_wa_Kibosho: Vijana wa siku hizi laini. 2012 madaktari waligoma, kiongozi wao Dk. Ulimboka akatekwa, akaokotwa msitu wa Mabwepande, Dar, hajiwezi. Wewe umetekwa na sambusa.

Sista_Zamu: Wauguzi hata kwenye hiyo chai hatuitwi. Daktari akiandika dawa kwa mwandiko wa kuku, anayefokewa na ndugu wa mgonjwa ni mimi.

Mpare_Mbishi: Sista, na lile "subiri" lenu la dirishani?

Sista_Zamu: Dirisha la dawa si letu, kamuulize mfamasia.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada.

Dogo_Sakina: Mada ni hizi Kosta za Moshi–Arusha. Zinajaza mpaka mlangoni, halafu zinasimama Boma Ng'ombe kupakia tena! Nimekuja nimekaliwa na gunia la vitunguu.

Babu_wa_Kibosho: Si usubiri inayofuata?

Dogo_Sakina: Babu, hiyo ndiyo ilikuwa inayofuata.