Atenolol: mapigo yameshuka fasta ila presha bado iko juu, inakuwaje?

kijana_wa_temeke: Wakuu salama? Bi mkubwa kaanzishiwa dawa ya presha, atenolol 50, juzi kati, mapigo yametoka 92 mpaka 64 lakini presha bado inasoma 158/94 na viganja vya baridi muda wote. Si hizi dawa zinatuliza neva, sasa mbona moyo umetulia presha imegoma? Jirani anasema haimfai, aache tu.

Mzee Dozi: Mkuu hapo kwenye kutuliza neva ndo watu wanachanganya. Atenolol haizimi neva za simpathetiki, zile zinazochochea moyo na kubana mishipa, inakalia vipokezi vya beta-1 kwenye moyo, yaani viti vya kupokea ishara za neva hizo, noradrenalini, kemikali inayobeba ishara, ikija inakuta kiti kina mtu. Moyo unasukuma damu kidogo, sasa vile vihisio vya presha shingoni vikiona imelegea vinaushtua ubongo, ubongo unazidisha ishara, mishipa ya mikono na miguu inabana, ndo hiyo baridi ya viganja na ndo maana siku za mwanzo presha inashuka kwa kusuasua. Waswidi walishapima hii kitu kwa kuchomeka sindano nyembamba kabisa kwenye neva ya mguu, ufundi wa akina Hagbarth na Vallbo pale Uppsala miaka ya 60. Kwa watu wa presha waliopewa metoprolol, dawa ya kundi moja na atenolol, ishara za neva zilipanda mwanzoni, walipoitumia muda mrefu zikashuka.

nesi_wa_zamu: Na figo msizisahau, nazo zina beta-1, zikizuiwa renini, kile kichocheo kinachoanzisha kubana kwa mishipa, inapungua na mishipa inalegea taratibu, mpe wiki mbili hivi. Huyo jirani mwambie asirudie tena!! Ukikata ghafla vipokezi vinakuwa vimeshaongezeka na neva bado zinatuma, moyo unapokea vyote kwa mkupuo, mwenye shida ya moyo anaweza kupata hata shambulio. Inapunguzwa kidogokidogo na dokta. Ana pumu au sukari?

kijana_wa_temeke: Pumu hana, sukari anayo, anachoma insulini

nesi_wa_zamu: Basi dokta ajue hilo mapema. Sukari ikishuka hatasikia moyo kwenda mbio wala kutetemeka vizuri, jasho ndo linabaki, akilowa bila sababu mpime papo hapo.

Mzee Dozi: Mimi ningeuliza pia kwa nini hakuanza na dawa nyingine za presha kama amlodipine au losartan, atenolol siku hizi kwa presha tupu sio chaguo la kwanza, labda kama moyo una tatizo.

kijana_wa_temeke: Shukrani wakuu, kliniki Alhamisi, hilo la losartan naliuliza hapohapo na vidonge anaendelea navyo