Neno "table" limetupotezea msimu mzima: mfasiri wa mradi atujibu

Ndugu wanajamvi, nimekasirika, na sitalificha.

Kamati yetu ya visima hapa Shela, kisiwani Lamu, iliomba vifaa vya kupimia maji kwa shirika moja la Marekani. Jibu lilikuja kwa Kiingereza, likapelekwa kwa mfasiri anayelipwa na mradi, nasi tukasomewa barazani baada ya sala ya alasiri kwamba ombi letu "limewasilishwa mezani". Wazee wakaitikia alhamdulillahi. Anayefuatilia Bunge letu anajua kuwa waraka ukiwekwa mezani umefikishwa mbele ya wabunge, kwa hiyo tukangoja tangu kusi hadi kaskazi ikashika.

Nilipoidai barua yenyewe, nililikuta neno "tabled". Mmarekani akilitumia kwa hoja au ombi, anakusudia kwamba limeahirishwa na kuwekwa kando. Mwingereza, ambaye Kiingereza chake ndicho tulichokirithi Kenya, anakusudia kwamba limeletwa lijadiliwe. Maana hizi mbili zinapingana kabisa, na tofauti yake inajulikana siku nyingi: Churchill aliandika kuwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia maofisa wa Uingereza na wa Marekani walibishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kwa ajili ya neno hilihili, kabla ya kutambua kuwa wote walitaka jambo moja. Mtu anayelipwa kwa kazi ya kufasiri hana udhuru wa kutouliza barua imetoka nchi gani.

Ukurasa wa pili ulinikera zaidi. Barua inauliza kuhusu kina cha maji yaliyo chini ya ardhi, ambacho kwa Kiingereza nacho huitwa "water table", na mfasiri ameandika "meza ya maji". Meza ipi? Chini ya michanga ya Shela maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, nayo ndiyo yanayonywewa mpaka Lamu mjini. Yakitekwa kupita kiasi, kina hushuka na chumvi hupanda. Mama yangu huonja ndoo ya kwanza kila alfajiri kwa sababu hiyo, halafu ndipo atie maji kwenye birika. Swali lililohusu ndoo ile tulilijibu kwa kukisia, kwa kuwa hakuna aliyelielewa. Hata jedwali la vipimo, ambalo nalo kwa Kiingereza ni "table", limeitwa "meza ya pili", ilhali jedwali ni neno ambalo watoto wetu wanalisoma shuleni.

Meza tuliipata kwa Wareno na jedwali kwa Waarabu, na kila moja tumeipa kazi yake. Kiswahili hakikupungukiwa na neno. Mfasiri ndiye aliyeridhika na maana ya kwanza iliyomjia.

Nadai mradi ututumie kila barua pamoja na nakala yake ya Kiingereza, tafsiri hii ifutwe mbele ya kamati, na shirika liandikiwe wiki hii kuulizwa waziwazi: ombi letu mmeliahirisha mpaka lini?