Tupeane uzoefu: watu wazima tunaopamba nyumba za midoli, jitokezeni tusijifiche

Pazia la Dirishani:
Habari zenu wadau. Leo nilikuwa Kariakoo mtaa wa Kongo natafuta vifungo vya gauni la mteja, nikakutana na vikombe vya kuchezea watoto, vile vidogo kabisa vyenye visahani vyake, mwenzenu vifungo vikasahaulika nikaanza kuchambua vikombe. Muuzaji ananiuliza mwanao ana miaka mingapi dada, nikamjibu minne. Sina mtoto. Vikombe ni vya kabati la jikoni kwenye nyumba yangu ya midoli, iko juu ya meza ya cherehani ya zamani, ina sebule, vyumba viwili, jiko na kibaraza. Sebule yangu ya kweli ina kochi moja limebonyea upande, ile ndogo ina seti nzima, zulia, stuli na pazia za kuvuta. Nikitoka kazini nahamisha meza tu kutoka huku kwenda kule, nakaa naangalia, narudisha, basi moyo unatulia. Sasa naomba tupeane uzoefu, vifaa mnatoa wapi, nyumbani wanawachukuliaje na vimbwanga gani vimewakuta.

Binti wa Temeke:
Jamaniiii nilijua niko peke yangu 😂😂 yangu iko ndani ya boksi la tivii, mume wangu anaiita ikulu.

Chuma cha Reli:
Mtu mzima na akili zako unapanga vikombe vya midoli. Nunua kiwanja.

Binti wa Temeke:
Nitumie hela mkuu, namba nakupa pm.

Bwana Hesabu:
@Chuma cha Reli usichokijua ni kwamba hivi vitu huko nyuma vilikuwa vya watu wazima hasa. Pale makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam Uholanzi, kuna ya mama mmoja Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa hariri, aliianza mwishoni mwa miaka ya 1600. Vyombo vya kauri aliagiza China vikatengenezwa kwa saizi hiyo hiyo ndogo, na wanasema hela aliyotumia ingetosha kununua nyumba ya kweli kando ya mifereji ya pale mjini.

Chuma cha Reli:
Kwa hiyo alikuwa na hela ya nyumba akanunua kabati. Ahsante kwa kunisaidia hoja.

Fundi Msasa:
Achaneni na huyo. Mimi ni fundi fenicha Keko, mchana natengeneza vitanda vya watu jioni natengeneza vyangu. Kosa naloliona kwa wanaoanza ni vipimo, unakuta kochi limefika dirishani, kikombe sawa na kichwa cha mdoli, jagi linataka kuingia kitandani lilale. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili, na kwa sisi tuliozoea futi hakuna rahisi kama hicho kwa sababu futi moja inakuwa inchi moja. Kitanda cha 5 kwa 6 unakata inchi 5 kwa 6, umemaliza, hakuna kikokotoo. Mlango wa futi 7 ni inchi 7. Kiti cha kulia chakula ukalio wake uko kama futi moja na nusu toka chini, basi ni inchi moja na nusu. Ukishaanza na kipimo kimoja usichanganye hata kama umekipenda kitu. Mbao nzuri ni vibao vya makreti ya matunda, au plaiwudi ile nyembamba kabisa, na miguu ya viti tumia mishikaki maana njiti za meno zinapinda. Msasa uwe laini, piga kufuata mbao inakoelekea. Sponji na mabaki ya velveti njooni Keko mafundi wanatupa kila siku.

Mama Pacha:
Fundi ubarikiwe!! Naongezea kwenye vitambaa, kitenge kizuri ila maua yake ni makubwa, ukishonea kitanda cha inchi 6 linaonekana ua moja tu na nusu ya jani. Nendeni kwa mafundi cherehani muombe vipande vya mashati ya vidoti au vimistari vyembamba. Na bati msihangaike, chukua boksi, lile la katoni, loanisha karatasi ya juu kwa kitambaa chenye maji ubandue taratibu, chini utakuta yale mawimbi, acha likauke kivulini piga rangi ya silva. Mgeni akija anagusa kuhakikisha.

Kibatari:
Gundi gani nzuri? Mi natumia supaglu.

Mama Pacha:
Supaglu ndo mpango mzima, inashika hapo hapo.

Fundi Msasa:
Supaglu hapana. Inashika haraka ndio lakini ukibandika kioo cha plastiki dirishani kinaota ukungu mweupe hautoki tena, na kiungo cha mbao ukikidondosha kinaachia. Gundi ya mbao, unafunga na rababendi unaenda kulala.

Mama Pacha:
Fundi mimi nina mapacha wa miaka miwili, muda wa kufunga rababendi nikalale nautoa wapi?

Binti wa Temeke:
Mi natumia uji wa ngano 🙈 ukuta mzima nimebandika karatasi za zawadi kwa uji.

Kibatari:
Mende watakusalimia.

Binti wa Temeke:
Walishafika. Walianza na chumba cha wageni.

Bwana Hesabu:
Kwenye taa tumieni LED nyeupe na betri za saa zile bapa za volti 3, hakuna kuchomelea wala nini, unabana waya miguu miwili inawaka. Nawaambieni kuna nyumba ya midoli alizawadiwa malkia Mary wa Uingereza, ilikamilika 1924, iko kasri la Windsor mpaka leo, kipimo ni hicho hicho cha futi kwa inchi alichosema fundi. Ina umeme, lifti zake zinapanda na kushuka, na bombani maji yanatoka.

Kibatari:
Maji yanatoka? Sisi Kimara nyumba za kweli tuna madumu.

Mpangaji Sugu:
Hapo kwenye taa mmenigusa. Ngoja niwape langu.

Nilikuwa nimepanga Tandika, nyumba zetu hizi za Kiswahili, korido katikati vyumba huku na huku, uani choo na bafu, mbele baraza. Kazi yangu ya shifti za usiku, narudi alfajiri watu wamelala. Chumba kimoja hakina cha kufanya ndo nikaanza kutengeneza, na sikutengeneza ghorofa za kwenye picha, nikatengeneza nyumba ile ile tuliyopanga. Yote. Paa linafunguka, ukifungua unaona korido na vyumba. Ndoo za maji uani kila moja rangi yake, mita ya luku na kile kikaratasi cha zamu ya kununua umeme, jiko la mkaa la dada wa chumba cha sita, kamba ya kuanikia nguo. Milangoni nikaweka na viatu kwa sababu pale kwetu viatu vinavuliwa nje. Ndala nilikata kwenye sponji, rahaa ilikuwa kwenye katambuga, nilikata tyubu ya baiskeli, mikanda imekatizwa vile vile na visumari nimeweka vichwa vya pini. Katambuga zenyewe ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mtu mmoja tu nilimtengeneza, mama mwenye nyumba, wa waya na kitambaa, yuko barazani kwenye kiti chake.

Sasa siku hiyo nikiwa off umeme ukakata mtaa mzima, mimi nikawasha vitaa vyangu vya LED nifurahi. Mtoto wa jirani akachungulia dirishani. Alichopiga hapo ni yowe, "mama kuna nyumba ndani ya nyumba na bibi yumo ndani!" Dakika hazikupita mlango unagongwa, mama mwenye nyumba, wapangaji wote, na mjumbe kaitwa yuko njiani. Mama analia, "mwanangu nimekukosea nini mpaka unifunge kwenye kisanduku, si ungeniambia tu kodi ni kubwa".

Nakuja, simu inazima.

Kibatari:
Aisee hapo ndo unazima simu?

Mama Pacha:
Arosto!!! Mpangaji rudi, watoto wamelala sasa hivi ndo muda wangu.

Chuma cha Reli:
Chai hii. Ina mpaka vitumbua.

Pazia la Dirishani:
Chai tunaipenda mwache amimine.

Mpangaji Sugu:
Nimerudi. Mjumbe kafika na tochi, mzee mtaratibu sana, akasema fungua tuone. Nikafungua paa. Mwanzo watu walirudi nyuma, akasogea mtoto mmoja, akasema "kile si choo chetu". Basi. Wote wakajaa pale kwenye stuli yangu kila mtu anatafuta chumba chake. Mmoja ananilaumu ndoo yangu ya kijani mbona umeweka ya bluu. Mwingine anauliza pazia lake liko wapi. Uchawi umesahaulika. Mama mwenye nyumba akaacha kulia akaangalia lile paa, "hili tundu la nini?" Nikamwambia mama si ndo hapo panapovuja chumbani kwangu tangu masika. Akanyamaza.

Mama wa chumba cha tatu ndo kainama na tochi ya simu, kakaa pale muda. Akauliza, "hizi katambuga ni za nani?"

Wakuu, nyumba nzima mwanaume mvaa katambuga alikuwa mmoja, mume wake. Na katambuga hazikuwa mlango wa tatu. Zilikuwa mlango wa sita.

Kila mtu akaangalia miguu ya jamaa. Alikuwa kazivaa.

Jamaa akaruka, "si nimewaambia huyu kijana mchawi!" Mjumbe akamwambia, "uchawi tuuweke pembeni kwanza mzee, tuanze na hili la katambuga".

Binti wa Temeke:
😂😂😂😂😂 nimeanguka kitandani

Mama Pacha:
Nooo, na dada wa chumba cha sita alikuwepo hapo hapo?

Mpangaji Sugu:
Alikuwepo mpaka neno katambuga. Baada ya hapo sikumwona mpaka kesho yake. Jamaa alilala kwa kaka yake Yombo wiki nzima, baadaye walisuluhishwa, siku hizi anavaa raba. Mama mwenye nyumba alinipa notisi ya mdomo usiku ule ule, asubuhi akanigongea ana kipande cha kitenge mkononi, anasema kile nilichomvalisha hana, nimvalishe hiki ndo chake.

Kibatari:
Wewe ulijua unachofanya. Huo ni umbea wa kuchonga.

Mpangaji Sugu:
Mkuu nilitengeneza nilichokiona korido saa kumi alfajiri. Kila siku viko pale, ningeviweka wapi?

Kibatari:
Ungeviacha. Ndoa ya mtu hiyo.

Mama Pacha:
@Kibatari ndoa iliharibiwa na aliyevua katambuga au aliyezikata? Acheni kutetea wezi.

Kibatari:
Dada mbona unanivaa mimi, mimi sina hata katambuga.

Mama Pacha:
Zamani je?

Bwana Hesabu:
Ila kitu alichofanya Mpangaji kuna mama Marekani alikifanya kazi kabisa. Frances Glessner Lee, miaka ya 1940, alitengeneza vyumba vidogo vya watu waliokutwa wamekufa, moja kwa kumi na mbili, kila kitu kimewekwa mahali pake, makopo jikoni, kalenda ukutani, damu ilipomwagikia, na soksi za midoli alizifuma kwa pini. Polisi walikuwa wanakalishwa mbele ya chumba na tochi waangalie waseme nini kimetokea, ajali, kujiua au mauaji. Viko Baltimore na bado vinatumika kufundishia. Lengo lilikuwa kuwazoesha kuangalia kwa makini, wasipite kitu.

Binti wa Temeke:
Kwa hiyo mama wa chumba cha tatu ni afande.

Chuma cha Reli:
Mimi naona tatizo moja tu hapa. Kijana alikuwa na muda wa kutengeneza bati la boksi lenye tundu, akashindwa kupanda juu kuziba la kweli.

Mpangaji Sugu:
Paa la mwenye nyumba bro, nikipanda nikavunja nalipa mimi. Na aliziba, baada ya ule usiku. Halafu akaja kuniambia niliondoe na langu, wageni wanaona.

Pazia la Dirishani:
Jamani uzi umenoga lakini mimi bado nina shida, milango. Nataka kabati lifunguke na bawaba ndogo za saizi hiyo sizipati, hata zile za maboksi ya pete ni kubwa.

Fundi Msasa:
Tumia pini. Toboa juu na chini ya mlango upande mmoja, pitisha pini iingie kwenye fremu, kata kichwa. Mlango unazunguka juu ya pini.

Mama Pacha:
Mi nabandika plasta ya kidonda kwa ndani. Dakika moja.

Fundi Msasa:
Plasta na joto hili gundi inayeyuka, wiki mbili mlango uko chini.

Kinyozi wa Kona:
Nimekuwa msomaji tu humu ila kwenye plasta nabisha. Makabati yangu yote nimetumia plasta na hakuna hata moja lililoachia, mwaka wa tatu huu.

Fundi Msasa:
Unakaa wapi mkuu?

Kinyozi wa Kona:
Lushoto.