Betri ya lipo ya gari la rimoti imevimba, fundi anataka kuitoboa atoe hewa. Nimruhusu?

BabaJunior_Mbezi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa haraka maana kesho asubuhi fundi anakuja na sijui nimjibu nini.

Nina gari la rimoti, Traxxas Slash ile ya VXL, nililinunua likiwa limetumika mwaka jana na betri yake ya NiMH (ile aina ya nikeli). Lilikuwa linaenda vizuri tu ila sio kivile. Kaka yangu anafanya kazi Dubai, aliporudi likizo akaniletea betri mbili za lipo (lithiamu polima) 3S, yaani seli tatu, za miliampia-saa 5000, pamoja na chaja. Aisee gari likabadilika kabisa, majirani walikuwa wanatoka nje kuangalia. Sasa Jumapili kijana wangu wa miaka 12 akaenda nalo uwanjani na wenzake, wakaendesha mpaka likagoma lenyewe, akarudi akalirusha stoo betri ikiwa imechomekwa humo humo. Mimi nimekuja kulikumbuka Jumatano. Nimekuta betri imeumuka kama andazi, ukiigusa inabonyea, nikaiweka kwenye chaja inakataa, inaandika volti ziko chini.

Fundi simu wa hapa mtaani ameniambia mambo mawili. La kwanza, kuna ujanja wa kuidanganya chaja kwamba ni betri ya NiMH, unaichaji dakika kadhaa volti zikipanda unarudisha kwenye lipo. La pili, hiyo hewa anaitoa kwa sindano halafu anaziba na gundi, anasema betri za simu anazifanyia hivyo kila siku. Betri hizi sio bei ya chini jamani ndio maana nauliza, kama inaokoleka nisiitupe. Kwa sasa nimeiweka kwenye droo ya kabati chumbani, ndipo tunapochajia pia usiku.

VumbiTupu_Arusha

Mkuu simama kwanza, kabla hujasoma mbele nenda kaitoe hiyo betri chumbani. Iweke nje juu ya zege au udongo, mbali na ukuta wa mbao, mbali na gari lako la kweli na mbali na mtungi wa gesi. Kama una sufuria kuukuu au chungu weka mchanga mkavu chini, betri juu. Watoto wasiiguse. Ukirudi endelea kusoma.

Fundi usimruhusu, hilo la sindano wala hilo la NiMH. Nakueleza kwa nini, maana ukielewa hakuna mtu atakayekushawishi tena.

Ndani ya ile pakiti kuna tabaka nyembamba za chanya na hasi zimepangwa kama kurasa za daftari, katikati yake kuna utando wa plastiki mwembamba sana. Utando huo ndio pekee unaozuia shoti. Sindano ikipita imeshatoboa utando, chanya na hasi zinagusana humo ndani, joto linapanda, joto linaharibu utando mwingine, na ikishaanza hivyo huna swichi ya kuizima. Na ile sio hewa, ni gesi zinazotokana na maji ya kemikali ya ndani kuharibika, zimo zinazowaka na zimo za sumu. Fundi anayefanya hivyo kwenye simu amekuwa na bahati tu, na ya simu ni seli moja ndogo, yako ni seli tatu kubwa.

Kuhusu kuifufua. Seli ya lipo ikijaa ni volti 4.2, chini ya 3.0 hairuhusiwi kushuka. Ikishuka sana na kukaa siku kadhaa, ile karatasi ya shaba iliyo upande wa hasi inaanza kuyeyukia kwenye kemikali. Ukija kuichaji ile shaba inajiganda upya sehemu isiyo yake na kutengeneza vidaraja vidogo vya shoti ndani kwa ndani. Kwa nje volti zitapanda vizuri tu utafurahi, na hapo ndipo inakuwa hatari zaidi kuliko ilivyo sasa. Chaja yako imekataa kwa sababu inajua. Usiidanganye.

Hiyo ya pili nayo usiichaji bado. Leta vipimo vya betri zote mbili, seli moja moja, unapima kwenye ile plagi ndogo nyeupe yenye waya nne. Vua pete na saa kabla ya kushika.

MwanaWaLikoni

Ndugu yangu mie naungana na wa hapo juu na naomba unisikilize kwa sababu yamenikuta.

Mie nilikuwa nachaji lipo 2S sebuleni juu ya kochi, chaja ilikuwa ya kuchagua aina ya betri mwenyewe, siku hiyo mtoto alikuwa ameichezea ikabaki kwenye NiMH na mie sikuangalia, nikabonyeza nikaenda kuswali. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwenye NiMH chaja haitazami 4.2 hata kidogo, inasubiri volti ziteleze chini kidogo ndio ijue betri imejaa, na lipo haitelezi, kwa hiyo inaendelea kusukuma tu. Nilisikia mlio kama mtu anapasua kitambaa, kufungua mlango nakuta moshi mweupe umejaa chumba kizima na moto unatoka ubavuni mwa betri kama jiko la mafundi. Haukuwa moto wa kuwaka taratibu ukasema nikatafute maji, kochi lilikuwa limeshashika. Alhamdulillahi umeme nikauzima kwenye swichi kubwa, jirani akaja na ndoo tukamwagia tukamwagia, kochi tukaliburuta nje. Kifua kiliniuma siku mbili kwa ule moshi na hadi leo najilaumu kuingia mle ndani, kwa sababu moshi ule una sumu, una haidrojeni floridi ndani yake. Na wanangu walikuwa wamelala chumba cha pili.

Kuchaji chumbani usiku mmelala, wallahi acheni leo hii. Mie sasa nachajia uani, juu ya matofali, betri ndani ya mfuko wake wa kuzuia moto na mfuko ndani ya chungu, na nakaa pale pale na kikombe changu cha chai mpaka imalize. Nikiitwa nachomoa.

BabaJunior_Mbezi

Nimeshaitoa wakuu, ipo nyuma ya nyumba kwenye karai lenye mchanga. Mwana wa Likoni pole sana aisee, mke wangu nimemsomea hiyo habari yako amenyamaza kimya.

Vipimo hivi. Iliyovimba: seli ya kwanza 3.42, ya pili 3.39, ya tatu 1.87. Ile nyingine nzima: 4.17, 4.17, 4.16, haijavimba, imekaa imejaa karibu wiki tatu.

Nimekubali imekufa. Sasa naitoaje? Nimeona watu wanasema unaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Na bado sijaelewa kwa nini gari halikuzima lenyewe mapema, hizi VXL si zina ulinzi?

FundiUmeme_Moro

Naanza na gari kwa sababu hapo ndipo kosa lilipo, la sivyo utaiua na hii iliyobaki.

Spidi kontrola ya VXL, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, inao ulinzi wa volti ndogo lakini unawashwa na kuzimwa kwa kile kitufe chake. Washa gari uangalie rangi ya kile kitaa, kijani maana yake ulinzi upo, nyekundu maana yake umezimwa. Aliyekuuzia alikuwa anatumia NiMH, na NiMH haihitaji ulinzi huo, kwa hiyo inawezekana kabisa aliuzima. Kijana wako hana kosa hapo, gari halikumwambia kitu. Halafu kitu cha pili, hata ukizima swichi, betri ikibaki imechomekwa kuna umeme kidogo unanyonywa, siku tatu zinatosha kumaliza seli iliyokuwa tayari iko chini. Chomoa kila mara.

Na hata taa ikiwa kijani usiiamini moja kwa moja. Spidi kontrola inapima jumla ya seli zote, haioni seli moja moja. Angalia vipimo vyako mwenyewe, seli mbili zina 3.4 na moja imezama hadi 1.87, hiyo seli ya tatu ilikuwa dhaifu toka mwanzo ikawa inabebeshwa mzigo na wenzake. Nunua kile king'ora kidogo cha betri kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe, ukiweka 3.5 kinapiga kelele seli yoyote ikifika hapo. Ni cha bei ndogo sana kulinganisha na betri.

Kuitoa sasa. Tafuta balbu ya taa ya breki ya gari, volti 12 wati 21, lehemu waya mbili na konekta inayoingia kwenye betri yako. Iweke betri kwenye mchanga nje ilipo, unga balbu, kaa mbali. Itawaka hafifu kwa sababu una kama volti 8 na kitu, itafifia, itazimika, wewe iache imeungwa siku mbili tatu, maana ukiitoa mapema volti zinajirudisha. Ikibaki karibu na sifuri kata waya mmoja mmoja, usikate mbili kwa mkasi mmoja, kila ncha uifunge na tepu. Betri ikianza kupata joto kali au kuzidi kuvimba wakati balbu inawaka usiisogelee tena.

Kijana_wa_Kigamboni

Mimi nimetumia maji ya chumvi mara nne na hakuna kilichotokea. Sioni shida yake.

FundiUmeme_Moro

Kaka wa Kigamboni, je baada ya hapo ulizipima? Chumvi inakula zile ncha za waya kwanza, zikishakatika umeme hauna pa kutokea, betri unaiona imetulia kumbe ndani bado ina chaji. Na kile kinachochemka pale kwenye ncha ni haidrojeni na klorini, ndoo ya aina hiyo mtu asiiweke jikoni. Ningependelea kitu ninachoweza kukipima kwa testa nikajua kimekwisha. Hasa kwa sababu huku kwetu ukiitupa jalalani kuna vijana wa vyuma chakavu wataiokota waipige nyundo wapate shaba, na wengine wanachoma taka. Ikiwa na chaji ni mkono wa mtoto wa mtu. Ikishafika sifuri watafutie wale wanaokusanya taka za kielektroniki.

BintiMaskati

Naomba niongeze kidogo kuhusu safari kwa sababu niko Maskati na kila likizo watu wananiagiza hivi vitu. BabaJunior, kaka yako alizileta kwenye begi gani? Naomba mwambie safari nyingine asiziweke kwenye begi linaloingia chini. Betri za akiba zote ni begi la mkononi, na hesabu yake ni volti mara ampia-saa, yako ni 11.1 mara 5, inakuja wati-saa 55.5. Chini ya 100 unaruhusiwa bila kuomba ila mashirika mengine yana idadi yao. Kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali na hazizidi mbili, juu ya hapo hapana. Kila konekta ifunikwe tepu.

Watu huona ni usumbufu wa uwanjani tu. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka kutoka hapo hapo Dubai kwenda Ujerumani, moto ukaanza kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu, moshi ukajaa chumba cha marubani hata vyombo hawavioni, walijaribu kurudi na wote wawili wakafariki. Kwenye begi la mkononi angalau ikianza kutoa moshi kuna mtu anaiona.

VumbiTupu_Arusha

BabaJunior hiyo nzima yenye 4.17, kuikalisha imejaa wiki tatu ndio kunakozeesha na kuvimbisha, hasa kwa joto la Dar. Kama hutaitumia kesho ishushe mpaka 3.8 kila seli, chaja yako bila shaka ina chaguo la kuhifadhi. Kuchaji weka ampia 5, usizidishe, uhakikishe imeandika lipo 3S na plagi nyeupe imechomekwa. Ikitoka kukimbia iache ipoe kabisa kwanza. Gari likipiga ukuta au kuanguka kwa nguvu chomoa betri uilaze nje nusu saa ukiiangalia, huwa inaweza kukaa kimya halafu ikalipuka baadaye. Ikishika moto usiibebe. Zima umeme, watoe watu, maji mengi au mchanga, na ukiona moto umeshaingia kwenye nyumba pigeni 114 mapema.

BabaJunior_Mbezi

Nimerudi. Kitaa kilikuwa chekundu. Nimekaa pale na kijana wangu tukabonyeza mpaka kikawa kijani, nimemwonyesha na vipimo vya ile iliyokufa, ameuliza kama ni yeye ameiua nikamwambia hapana ni mimi sikuangalia.

Chaja imehamia nje kwenye kibaraza, chumbani hakuna tena. Nzima nimeishusha, inasoma 3.83 zote tatu. Fundi nimempigia nikamweleza ile ya shaba na utando, kwanza alibisha, halafu akaniuliza hizo betri za simu alizozitoboa azifanyeje, ziko kwenye boksi chini ya meza yake ya kazi. Nimemwambia azitoe nje leo na aje tuzimalize kwa balbu yangu. FundiUmeme, za seli moja hiyo balbu ya volti 12 itazimaliza au nitafute ndogo?

FundiUmeme_Moro

Itazimaliza, itawaka hafifu sana au isiwake kabisa, utaona kama haifanyi kitu lakini umeme unapita, zipime na testa. Moja moja, usiziunge pamoja. Na zile alizotoboa tayari asizibebe mfukoni wala kwenye bodaboda na begi, wewe ndio umfuate na balbu.