Visubi vimejaa kwenye maua ya ndani na dawa ya kupuliza sitaki. Nifanyeje?

BintiSinza: Wakuu, habari za jioni. Nina vyungu saba sebuleni. Mwezi uliopita nilibadilisha udongo, nikanunua kiroba barabarani, mweusi tii, muuzaji akaapa samadi yake imeoza vizuri. Tangu hapo nikimwagilia tu, visubi vyeusi vinafumuka. Jana kimoja kimezama kwenye chai ya mama mkwe. Nina mtoto anayetambaa, sumu sitaki. Msaada jamani.

MzeeVyungu: Pole binti. Hao wanaoruka wasikusumbue sana, kazi iko kwa funza walio udongoni. Kata kipande cha kiazi mviringo kibichi, kilaze juu ya udongo siku mbili tatu, kisha kigeuze. Ukikuta vijifunza vyeupe, vichwa vyeusi, ndio wenyewe. Unamwagilia mara ngapi?

BintiSinza: Kila asubuhi mzee wangu. Si joto hili la Dar?

MzeeVyungu: Basi unawafuga. Wanakaa sentimita chache za juu, wanakula ukungu na mboji, kisha wanageukia vijizizi. Chomeka kidole, pakiwa pakavu hadi kiungo cha pili, ndipo umwagilie.

KakaMbezi: Mimi kukausha peke yake hakukunitosha. Nilitumia Bti, bakteria wale wale wanaomwagwa kwenye madimbwi kuua viluwiluwi vya mbu. Inatengenezwa hapo Kibaha, kile kiwanda cha teknolojia ya Kuba kilichozinduliwa 2015. Unaichanganya na maji ya kumwagilia, funza akiila utumbo unaharibika. Mayai na wanaoruka haiwagusi, kwa hiyo nilirudia kila wiki, mara nne. Wanaoruka niliwategea karatasi za njano zenye gundi.

Shamba_Balkoni: Ila dada, Kibaha wana aina mbili. Omba ya Bti; ile ya sphaericus, bakteria wa aina nyingine, ni ya mbu tu.

Mgeni77: Na wale minyoo wa nematodi wanaotumika Ulaya?

Shamba_Balkoni: Steinernema feltiae? Wanaua kweli, lakini ni viumbe hai wa kutunzwa kwenye friji, na joto likipita nyuzi 30 wanazubaa. Sebule ya Sinza mwezi Februari, mkuu?

BintiSinza: Nimegeuza kiazi. Kumi na mmoja, chungu kimoja! Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Vyungu vyote saba vinalala nje leo.