Naomba ushauri: karata inapofunuka wakati wa kugawa

Ndugu wanachama, assalamu alaikum.

Katika baraza letu la Mji wa Kale, Mombasa, tunacheza karata za turufu wawili kwa wawili, kila mmoja akipewa karata 13 kati ya 52. Mzozo huzuka karata inapofunuka wakati wa kugawa, hasa ikiwa ni ree (karata ya A), kwani wapinzani hudai zichangwe upya, ilhali mgawaji hushikilia kwamba karata iliyoonwa na wote haimdhuru yeyote (hoja ambayo naiona dhaifu). Nimewaonyesha wenzangu kanuni za michezo miwili ya karata ya Kizungu: za wisti, zinazowapa wapinzani haki ya kudai mgawo mpya mgawaji akifunua karata, na za briji, ambapo mgawaji yuleyule hugawa tena, lakini wazee wanasema hayo ni mambo ya vilabuni.

Je, kwenu mgawaji aliyefunua karata hugawa tena mwenyewe, au zamu humpita? Na ikigunduliwa katikati ya mchezo kwamba mmoja alipewa karata 14 na mwingine 12, zilizokwisha kuliwa huhesabiwa, au mchezo wote hufutwa?

Natanguliza shukrani.